Maji Yalianza kwa Mzee Cyril

Gudele, Juba
4 Februari 2025

Mpendwa Baba,

Nakusalimu kwa heshima. Mgongo unaendeleaje? Mimi mzima, ila moyo ndio hautulii. Kwa vile mila hainiruhusu kusimama mbele yako kabla hujanikubali, naandika, na binti yako Ritah mwenyewe ndiye mleta barua. Naomba awe mke wangu. Kazi yangu ni zimamoto, ya serikali.

Mwanao,
Lomoro

Konyo Konyo
11 Februari

Bwana Lomoro,

Mgongo haujambo. Baada ya barua yako kinachouma ni kichwa. Mimi muuza unga nimemlea Ritah peke yangu tangu mama yake afariki, nimpe mtu wa zimamoto? Mwaka jana safu ya nyuma ya soko hili la Konyo Konyo iliungua, mkafika tunafagia majivu. Mkashuka na kofia zenu, mkatupa pole! Pole hata mchungaji anayo. Tafuta kazi nyingine, kalas, basi.

Cyril, ambaye si baba yako

Gudele
13 Februari

Baba,

Salaam tena, na pole ya kichwa. Siku ile mlimpigia nani? Nimeuliza. Mliwapigia ndugu wa mtaa wa Malakia, mashemeji, mchungaji, hata mjomba aliyeko Kampala! Simu ya kituoni iliingia moto umeshakula ukashiba. Namba yetu iko nyuma ya barua hii, ibandike mlangoni. Kazi siachi, na Ritah simwachi.

Mwanao,
Lomoro

Konyo Konyo
29 Machi

Lomoro,

U mzima? Mimi si mzima hata kidogo. Jana jiko la Abang, yule mama chai wa kibanda cha tatu kutoka kwangu, liliwasha turubai. Namba ya kituo ilikuwa mlangoni, lakini nilikupigia wewe, kwa namba aliyonipa Ritah. Sawa, mlikuja upesi, nakubali. Sasa niambie, kwa nini maji ulianza kumwaga dukani kwangu, ambako hakukuwa na moshi wala cheche? Magunia arobaini ya unga yamekuwa uji! Na kibanda cha Abang kimeteketea. Mlifundishwa nini huko?

Cyril

Gudele
30 Machi

Mzee wangu,

Natumaini umelala. Mimi sikulala. Tulifundishwa kuanza panapowaka. Lakini ulisimama katikati ya njia ukipiga kelele, "Mwanangu, hapa! Kwangu kwanza!" Soko zima lilisikia. Nilifurahi mpaka nikausahau moto. Mkuu wangu amenisimamisha wiki mbili, na ni haki yangu. Nimeanza kumjengea Abang kibanda kipya. Habari ya Ritah sina uso wa kuiuliza tena.

Lomoro

Konyo Konyo
10 Aprili

Mwanangu,

Habari ya mikono? Nimekuona kwa mbali ukipigilia mabati ya Abang. Yamepinda, haki ya Mungu, lakini yamesimama. Nilikuja na misumari, nikakumbuka hatujaruhusiwa kukutana, nikarudi.

Aibu si yako peke yako. Nililia unga wakati jirani anaungua. Nimemwomba Abang msamaha. Amenisamehe, akasema wanaume wa nyumba hii wote wawili warudi mafunzoni. Nikagundua nimekubali bila kubisha kwamba wewe ni wa nyumba hii.

Nililolisema mbele ya soko silirudishi. Lete wajomba zako Jumamosi. Nilimwita Ritah nimpe habari, nikidhani atashtuka kwa furaha. Kumbe viti vya wageni ameshaviazima kanisani tangu Jumanne.

Baba yako,
Cyril