Kwa Baba, Aliyewaona Ndovu Wenye Pembe

Baba yangu mpendwa,

Juzi nilifundisha tena lile somo la ndovu, na nilipofika kwenye neno "mazingira" nikanyamaza. Wanafunzi walidhani nimesahau. Sikusahau. Nilikuwa nakusikia wewe, ambaye hupo tena, ukiniuliza kwa ile sauti yako ya kukwaruza: "Ile mazingira yenu ni mtu gani?"

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha uliyonipa. Mama, Mungu amrehemu, alinisemesha Kiganda. Wewe ulinisemesha Kiswahili cha kambini tangu sijaota meno. Shuleni nilikificha. Mtoto aliyejua Kiswahili katika Kampala ya wakati ule alitambulika mara moja kwamba baba yake alikuwa askari wa ule utawala ulioanguka, na watu wakapunguza salamu. Halafu nikaenda Nairobi kusomea ualimu, nikarudi na Kiswahili kilichonyooka, ukanicheka. "Sasa unaongea kama redio," ukasema.

Mimi nilikujua ukiwa mlinzi wa ghala pale Nakawa, mzee anayerudi asubuhi na mkate chini ya kwapa, anayekunywa chai ya tangawizi bila sukari na kuwasomea majirani hali ya hewa kwa kutazama mawingu ya upande wa ziwa. Yule askari alikuwa amevua gwanda kabla sijazaliwa. Ulinisimulia juu ya maharage ya jeshini yaliyokuwa na mawe, na lori lililotumbukia mtaroni dereva akiwa amesinzia. Nilicheka kila mara. Sikuwahi kujiuliza kwa nini hadithi zako zote za jeshini zilikuwa za kuchekesha.

Kisha ikaja ile safari ya shule kwenda mbugani, upande wa Kasese. Kiti kimoja kilibaki kwenye basi na nikakuomba uje. "Kule nilikuwa zamani," ukasema, na ukaendelea kumenya viazi. Nilijua umekataa. Lakini alfajiri ya kuondoka nikakukuta sebuleni pale Bukoto umekaa tayari, koti lako kuukuu la jeshini mwilini, kofia kichwani, viatu vimepigwa rangi. Sikukuuliza umebadilishwa na nini. Nilifurahi tu.

Tuliwakuta ndovu siku iliyofuata, kando kabisa ya barabara, majike na watoto wao. Dereva akazima injini. Watoto wa mjini, ambao mnyama mkubwa waliyemzoea ni ng'ombe, na karoli, yule ndege mkubwa wa kwenye jalala, wakabanana madirishani. Patience, yule msichana mrefu aliyekuwa akiuliza maswali hata wakati wa kula, ndiye aliyeona kwanza.

"Madam, mbona yule mama hana pembe? Na yule wa nyuma yake? Wamekatwa?"

"Hawajakatwa," nikamjibu. "Wamezaliwa hivyo."

Ukasogea dirishani. "Budi," ukasema polepole. Nikakuuliza budi ni nini. "Ndovu hapana pembe. Zamani ulitafuta mpaka miguu inauma, ndiyo unaona moja." Ulitazama kundi lile kwa muda mrefu, midomo ikicheza, ukihesabu. "Hapa ni mingi sana, Zaituni. Nini iliwapata?"

Niliwaeleza wanafunzi kwa Kiingereza, kama kitabu kinavyoeleza. Wewe ukasubiri. Mchana wake, wao walipokwenda kwenye mashua kutazama viboko, goti lako likakataa kushuka ule mteremko, tukabaki wawili barazani na chupa ya chai. Ukasema, "Sasa nipe mimi ile somo. Kwa Kiswahili."

Nikakupa. Nikakwambia tangu zamani kila kundi la ndovu lilikuwa na wachache waliozaliwa bila pembe, hasa majike, na kwamba mama wa namna hiyo mara nyingi humrithisha binti yake. Nikakwambia hapo kale kukosa pembe kulikuwa hasara, maana ndovu huchimbia maji na chumvi kwa pembe, hubandulia maganda ya miti kwa pembe. Ndiyo maana walibaki wachache.

"Halafu wakajifunza kutupa pembe," ukasema.

"Hapana, Baba. Hakuna ndovu aliyejifunza chochote. Ndovu mmoja hawezi kujibadilisha. Mwenye pembe alikufa na pembe zake. Asiye na pembe akabaki, akazaa, na watoto wake wakafanana naye. Ukija baada ya miaka mingi unadhani wamebadilika. Kumbe waliobaki ni wengine."

Ulipuliza chai yako. Nami, kwa sababu nimezoea kumaliza somo, nikamalizia kama kitabu: "Mazingira yalibadilika, na uteuzi asilia ukaisaidia jamii yao kuendana nayo."

Hapo ndipo ulipouliza. "Ile mazingira yenu ni mtu gani?"

"Si mtu, Baba. Ni hali ya mahali. Ukame, baridi, magonjwa, wawindaji…"

"Wawindaji," ukarudia. Ukaweka kikombe chini. "Mwanangu, mimi nilikuwa hapa. Si na Waganda wa mjini, si na watalii. Na bunduki. Mkubwa wetu alitaka pembe, sisi tulileta pembe. Tulipita katikati ya kundi, tunaangalia mdomoni kwanza. Budi tuliacha. Risasi ya nini? Tuliwaacha wale hawana faida kwetu." Ukanyoosha kidole kule mbugani. "Hawa ni watoto ya wale tuliacha. Sasa unasema mazingira. Mazingira ni mimi."

Baba, nimefundisha somo lile kwa miaka mingi na sikuwahi kulielewa mpaka dakika ile. Nilitaka kukushika mkono. Badala yake nikakwambia, kana kwamba ni faraja, kwamba bunduki zikinyamaza, wenye pembe watazaa nao, na polepole wataongezeka tena.

"Polepole namna gani? Mimi nitaona?"

"Hapana, Baba. Ndovu huchukua miaka mingi mpaka azae."

"Wewe?"

"Wala mimi sidhani."

Ukatikisa kichwa. Ukafungua mdomo, ukasema, "Na kuna mambo ingine ya wakati ile…" na hapo hapo wanafunzi wakatokea wakipanda mteremko kwa kelele, mmoja amepoteza kiatu. Nikainuka. "Tutaongea nyumbani, Baba," nikasema. Nyumbani tuliongea juu ya bomba lililopasuka, juu ya bei ya matoke, juu ya jirani na redio yake. Kila nilipofikiri leo nitamuuliza, nilikukuta umetulia vizuri kwenye kiti chako nikakuonea huruma. Sasa naona nilikuwa najionea huruma mwenyewe.

Ni wewe uliyeomba kuja darasani. Uliomba kama mtu anayeomba kazi, umesimama mlangoni mwa jikoni. "Watoto wale wasikie. Wasiseme tu mazingira." Ukaja. Ulisimama mbele ya ubao wangu, ukaongea kwa Kiswahili, nami nikawa natafsiri sentensi kwa sentensi. Uliwaambia kila kitu cha ndovu: jinsi mlivyochagua, jinsi mama mmoja alivyorudi kumwinua mwenzake aliyeanguka, na jinsi ndama alivyobaki akizunguka mzoga mpaka mlipoondoka. Sauti yako haikutetemeka. Mimi nilikuomba urudie sentensi mbili.

Nikauliza kama kuna swali. Patience akainua mkono. Akauliza taratibu, kwa Kiingereza, bila ubaya wowote, akikuita babu kwa Kiganda: "Jaja, walikuwa ni ndovu tu?"

Nilikugeukia nikutafsirie. Maneno yote nilikuwa nayo, ni manne tu, lakini ulimi ulikataa. Ukainua kiganja kidogo. "Nimesikia," ukasema.

Ulitazama sakafu. Nikaona jinsi mikono yako ilivyotafuta mahali pa kukaa. Kengele ya kipindi ikalia na nikawaruhusu kutoka upesi kupita kawaida. Pale getini, bodaboda ikikusubiri, ukaniambia: "Yule mtoto ameuliza vizuri. Usimgombeze. Mwambie nitarudi, nitamjibu."

Hukurudi. Wiki ile ile ulianguka bafuni, na uliponyanyuliwa upande wako wa kulia ulikuwa umepooza, na maneno yamekwenda pamoja nao. Hospitalini ulinijua, ulimjua daktari, ulijua chai isiyo na tangawizi na ukaisukuma. Kusema tu ndiko kulikokataa. Patience alikuja kukuona akiwa na wenzake wawili, bado na sare za shule, analia kwamba yeye ndiye aliyekuangusha. Ulimvuta mkono kwa ule mkono wako mzima. Ulijaribu, Baba. Niliona shingo ikikaza, jasho likitoka, sauti ikija nusu na kurudi. Alikuinamia akisema, "Basi, Jaja, basi." Hukutaka basi. Ulijaribu mpaka muuguzi akatutoa nje.

Ulipofariki tulikuzika kwa watu wako kule Arua. Wazee wawili nisiowajua walikuja wakiwa wamevaa makoti kama lako, wakasimama mbali kidogo, wakaondoka kabla ya chakula. Nilitaka kuwakimbilia. Nilibaki nimeshika sinia la wali.

Patience sasa yuko chuo kikuu. Hutuma salamu, na hajawahi kunigusia swali lile tena. Mimi nafundisha somo kama ulivyotaka. Nasema ilikuwa risasi, nasema zilipigwa na watu, na nasema mmoja wao alikuwa baba yangu. Kila mwaka nawapa mtihani. Wanaandika kwamba viumbe walibaki kwa sababu walikuwa na sifa iliyowafaa, nami nawasahihishia, nawapa alama zao, kwa kuwa ni kweli. Lakini nikiingia nyumbani jioni nakaa na ule ukweli mwingine, kwamba sifa iliyowaokoa wale ndovu ilikuwa ni kukosa kitu mlichokitaka, na kwamba hata leo wanachimba chumvi kwa shida.

Kinachoniumiza si kwamba ulikuwa askari. Ni kwamba ulikuwa tayari kunijulisha huyo askari, ukabisha hodi mara moja pale barazani, nami nikakimbilia kiatu cha mtoto. Watu hunipa pole kwa kufiwa na baba mpole. Nashukuru. Baba mpole ninamlilia na machozi yanatoka. Yule mwingine sijui nimlilie vipi, sijui hata kama anastahili.

Lala salama, Baba. Ungelijibu lile swali la Patience, najua ningekasirika. Ningelia, ningekuchukia, pengine mwezi mzima usingeniona wala kusikia sauti yangu. Halafu ningerudi.

Ni mimi binti yako,
Zaituni