Handaki Ambalo Sikulijenga

Nyumba ileile,
Chang'ombe, Dodoma.
14 Juni 2025

Mpendwa Dada Shamila,

Ndiyo dada, bado zinatembea! Uliniuliza kwenye simu kama zile treni ndogo za Kijapani ulizonitumia zimeshakufa, mtandao ukakata sijajibu. Hazijafa. Zina afya kuliko mimi.

Haya, shikamoo. Nimetanguliza jibu nikasahau adabu, nisamehe. Mnaendeleaje huko Nagoya? Shemeji Hanifu na magari yake hajambo? Watoto wanakula, au bado wanakunusia ugali kama paka? Sisi huku tunamshukuru Mungu. Upepo wa mwezi wa sita umeanza, vumbi na baridi vimefunga ndoa. Wifi yako Arafa analala na soksi zangu, mimi nabaki na miguu yangu tu.

Usishangae kupata barua kama enzi za Babu. Silvano wa jirani anakuja huko masomoni, nimempa mkononi. Kwenye simu Arafa anasikia kila kitu, na sauti yangu ingenisaliti. Karatasi haitetemeki. Na usicheke hizi herufi kubwa kama bango la duka la nyama. Sababu yake utaiona.

Kwanza reli. Dada, sebule imekwisha! Meza imetoka ukuta hadi ukuta, wageni tunawapokelea barazani. Mlima wenu ule wenye kofia nyeupe nimeutengeneza kwa trei za mayai na magazeti. Theluji niliweka sembe, panya wakaila yote, wakaacha mlima na kipara. Sasa nimeweka unga wa jasi, ile ya dari, wakijaribu watakoma. Mashamba ya mpunga ni vioo vya simu vilivyopasuka. Miti ya maua ya pinki ni waya na sponji ya kuoshea vyombo. Jina la kituo nimelinakili kutoka kwenye picha uliyotuma, mstari kwa mstari, ila sijui kama nimeandika jina la kituo au nimemtukana mtu. Umeme natumia betri ya bajaji yangu, kwa hiyo treni za Japani na abiria wa Chang'ombe wanakula sahani moja.

Na ile desturi uliyonisimulia, kwamba dereva wa treni huko ananyoosha kidole na kutaja kwa sauti anachokiona, hata akiwa peke yake, nimeichukua nzimanzima. Jumapili majirani wakija kutazama, nanyoosha kidole: "Njia ya kushoto, iko wazi!" Watu hoi. Hata jikoni siku hizi nafanya: "Gesi, imefungwa! Arafa, amenuna!"

Sasa dada, kaa chini.

Jumapili moja kabla ya Idi nilinyoosha kidole kama kawaida, nikasema kwa sauti kubwa, "Njia ya kushoto, iko wazi!" Nikaiachia ile ya kijani. Haikuwa wazi. Ile nyeupe yenye pua ndefu ilikuwa inakuja kutoka kushoto, kila mtu anaiona isipokuwa mimi. Zikavaana palepale kituoni, mabehewa yakalala kwenye mpunga. Watu wakacheka mpaka Gaudence, yule jirani yangu dereva wa serikali, akashika ukuta.

"Mbaruku bwana! Rudia hiyo!"

Nikairudia, dada. Nikafanya kama nilikusudia. Sasa kila Jumapili wanadai ajali, nami nawapa.

Halafu Arafa, tunakula, akaniambia, "Mbona siku hizi unageuza shingo kama kuku?" Akacheka. Mimi nikanawa kabla ya kushiba.

Unamkumbuka Baba dukani? Alivyokuwa anageuza shingo nzima amwone mteja aliyesimama pembeni? Wakasema vumbi, wakasema uzee, wakasema jicho la watu. Mpaka siku ile alipomimina sukari yote pembeni ya mizani, mbele ya wateja, na sisi wajinga tukacheka. Akaishia kukaa mlangoni anatutambua kwa mlio wa kandambili. Akawa ananiita Shamila nikivaa zako.

Basi nikajipima mwenyewe. Arafa alikwenda sokoni, nikakaa mezani, nikafumba jicho la kulia, nikamkazia la kushoto yule mkuu wa kituo, kidude kidogo kama punje ya mchele. Treni nikaiachia izunguke. Inakuja vizuri, inafika kwenye mti wa pinki, inapotea. Mlio nausikia, treni siioni. Halafu inatokea karibu kabisa na kituo kama imedondoka mbinguni. Nikarudia na kurudia. Palepale inaingia, palepale inatoka. Dada, jicho langu la kushoto lina handaki ambalo sikulijenga.

Nilipata abiria mmoja nesi, nikamuuliza kwa ujanja, nikasema ni rafiki yangu. Akaniambia inaweza kuwa presha ya macho. Haiumi, haiwashi, inakula pembeni kwanza, na inatembea kwenye familia. Kilichokwisha kuliwa hakirudi, ila mtu akiwahi, kilichobaki wanakilinda kwa dawa. Alipokuwa anashuka akanitazama, akasema, "Mwambie huyo rafiki yako aache kuendesha bajaji."

Rafiki yangu hakusikia. Kesho yake akaingia barabarani. Mama mmoja na ndoo yake ya dagaa akatokea kushoto, alikotoka sijui, nikakanyaga breki mpaka bajaji ikapiga magoti. Dagaa barabara nzima. Yeye hakuguswa, Alhamdulillahi.

"We baba, unaendesha kwa masikio?" Hivyo ndivyo alivyoniambia.

Watu wakacheka, nami nikacheka, tukaokota dagaa wote. Mgongoni kwake alikuwa na mtoto, dada. Nilimwona nilipoinama kuokota.

Tangu siku hiyo bajaji imelala uani. Arafa nimemwambia klachi. Kila asubuhi ananiuliza, "Klachi gani hiyo haiponi?" Nimechoka kumtungia magonjwa. Usimpigie, nitamwambia mwenyewe, ila kwanza nijue namwambia nini.

Hospitali sijaenda. Mara mbili nimefika getini nikageuka. Mara ya pili nilimsindikiza mgonjwa asiye wangu, nikamshikia mfuko, nikatoka. Naogopa dada. Mtu mzima mwenye ndevu, naogopa daktari atanyamaza kama alivyonyamaza yule wa Baba.

Na kuna jambo linanitisha zaidi, ndiyo sababu hasa ya barua hii. Nesi alisema wa tumbo moja wote wapime. Ile picha yenu ya Idi uliyotuma, watoto wamesimama kulia kwako, na wewe umegeuza shingo nzima kuwatazama. Labda mpiga picha ndiye aliyekuambia ugeuke. Mungu ajalie iwe hivyo. Nimeiangalia hiyo picha mpaka Arafa akauliza kama nakudai.

Mama Mdogo Miriam na Shangazi wa Mkonze wanakusalimu, Shangazi anasema umtumie mwavuli unaojikunja. Wape watoto busu la mjomba, na Mola awafunike nyote kwa rehema yake, mbele na pembeni.

Sasa tufanye biashara, si unanijua. Alhamisi ya kwanza ya mwezi wa saba, mimi saa tatu asubuhi niko hospitali, mlango wa kliniki ya macho, na Arafa nimemshika mkono. Huko kwenu itakuwa saa tisa alasiri, nawe uko mlango wa macho na Shemeji. Siku ileile, wakati uleule. Nikikimbia mimi, treni nyeupe inarudi kwako na Gaudence anaambiwa ukweli wote. Ukikimbia wewe, unapanda ndege uje useme mbele yangu kwamba umeogopa. Tukifika mlangoni, kila mtu ananyoosha kidole chake na kusema kwa sauti, "Mlango, nauona!" Wajapani watakuelewa. Wa huku watacheka, wacheke, nimewazoea.

Nijibu neno moja tu: nakuja.

Mdogo wako, nikupendaye kwa jicho zima na kwa lile bovu pia,

Mbaruku