Goti la Maganga

Jumamosi, 3 Agosti 1974

Uwanjani tena tangu saa kumi alasiri. Daftari la pili limejaa, nimeanza la tatu. Penseli ni ile ile ya useremala. Mama Hadija ananuna: vitanda vya watu vinangoja randa, mume wake yuko uwanjani anahesabu mashuti ya vijana. Ana haki. Nimemwambia mbao za mninga haziozi. Hakucheka.

Mwaka huu mambo mapya. Kamati ya michezo imevunja timu zote za zamani hapa mjini, za ukoo, za msikiti, za kanisa. Eti zinatugawa. Wachezaji wote wametiwa kwenye orodha moja, majina hamsini na sita. Wachaguzi wanne, kila mmoja na timu yake mpya. Tutachagua kwa zamu, jina moja moja, mpaka orodha iishe. Mimi mchaguzi wa timu ya Ipuli. Tangu nipewe kazi hii chai inapoa mbele yangu.

Makadirio hadi leo. Masentafowadi wanaofaa: tisa. Yule fundi baiskeli alifunga kumi na moja mwaka jana, namwandikia saba. Ameoa, amenenepa. Mawinga: kumi, na watatu kati yao wanakimbia bila mpira kuliko na mpira. Magolikipa: wanne, wote wanaogopa mipira ya juu. Mabeki: tele. Wagumu, wajinga.

Sentahafu: mmoja. Nimepiga mstari chini yake mara mbili.

Jumatatu, 5 Agosti

Huyo mmoja ni Maganga, mpangaji wangu. Anakaa chumba cha nyuma, ng'ambo ya ua, na mkewe Anna na mtoto wa wiki tatu. Kibarua wa kupakua mizigo stesheni. Kwao Choma, huko Igunga, lakini wazazi wamekufa na nyumba ilishaanguka. Kila asubuhi, kabla sijafungua mlango vizuri: "Shikamoo, Baba Fundi." Sina mtoto wa kiume. Basi na liandikwe hapa, maana sitalisema mahali pengine: kijana huyu nampenda.

Uwanjani hakimbii sana. Anasimama pale mpira unapokuja. Wachaguzi wenzangu wanaona mabao tu, watagombea masentafowadi kama kuku na mtama. Acha wagombee. Wako tisa, hata wa mwisho atafunga matano. Lakini ukikosa sentahafu huna pa kumpata mwingine. Hiyo ndiyo hesabu yangu ya mwaka huu.

Masika alivimba goti kwa kuteleza matopeni. Wiki mbili akapona. Namwona kila siku na magunia begani.

Na kuna jambo la kibali. Tangazo limetoka: asiye na kazi ya kudumu mjini arudi kwao, kwenye kijiji cha ujamaa. Vibarua wamo. Ila mchezaji aliye kwenye orodha anapewa kibali cha kukaa mpaka ligi iishe, na timu inamtafutia kazi. Maganga yumo. Anna alikuwa na hofu, nimemtuliza.

Jumatano, 7 Agosti

Kura. Vikaratasi vinne ndani ya kofia ya Katibu wa kamati, kijana mgeni, mwezi wa pili huu hapa Tabora. Nimevuta namba nne. Nne! Wa kwanza ni Salehe, mchaguzi wa timu ya stesheni. Mzaramo, na mimi Mnyamwezi, kwa hiyo mtani wangu tangu babu zetu walipobeba mizigo njia moja kwenda na kurudi pwani. Amenicheka mpaka machozi. Amesema wa nne hula ukoko.

Namba nne huchagua majina mawili mfululizo, kisha zamu inarudi nyuma. Nataka sentahafu na golikipa. Lakini Salehe anafanya kazi stesheni, anamwona Maganga kila siku. Si mjinga kama anavyojifanya. Atamchukua.

Nimekasirika kwa sababu ya kikaratasi. Mtu mzima.

Ijumaa, 9 Agosti

Baada ya swala, kahawa barazani. Salehe yupo, na wachaguzi wengine wawili. Nikavuta pumzi kama mtu mwenye huzuni. Nikasema Maganga masikini, goti limekufa, akipanda ngazi ya nyumba yangu nalisikia likilia. Nyumba yangu haina ngazi. Hakuna aliyeuliza.

Salehe alinitazama. Nikakaza uso. Kwa kawaida sisi wawili hatusadikiani hata salamu. Leo kanisadiki. Akatikisa kichwa, akasema kijana wa watu.

Nimerudi nyumbani napiga mluzi. Siku ya kuchagua watampita wote watatu, nitamchukua wa nne. Maganga anabaki kwangu, Ipuli ina kiuno. Nani ameumia? Hakuna.

Jumapili, 11 Agosti

Tumemzika shangazi. Miaka mingi, maisha mazuri, kwa hiyo watani walikuwa na ruhusa ya kila kitu. Salehe alilala njiani asitupishe na jeneza mpaka tukiri kwamba Wanyamwezi ni wezi wa asali. Tukakiri. Watu wakacheka katikati ya kilio, ndiyo kazi yake, na namshukuru.

Kisha akaanza kuchechemea. Akashika goti, akalia, "Jamani, mimi Maganga, goti langu! Nibebeni na mimi!" Hata wanawake kwa mbali walicheka. Maganga mwenyewe alikuwa ameshika jeneza mbele kushoto, uzito wote begani, anatembea sawasawa kama reli. Hakuna aliyemtazama. Wote walikuwa wanamtazama Salehe.

Katibu naye alikuja kuzika. Hakucheka. Kwao inaonekana watani hawafanyi hivyo msibani. Nilimwona anamwuliza jirani yake kitu, na jirani anaitikia kwa kichwa.

Jumanne, 13 Agosti

Orodha imebandikwa upya. Hamsini na tano. Jina la Maganga limepigwa mstari, pembeni imeandikwa: goti, hafai. Eti kamati haiwezi kuwaombea vibali wagonjwa.

Jioni Maganga kaletewa barua. Ijumaa asubuhi, lori, yeye na familia, kijiji kipya upande wa Choma. Ameisoma akiwa amesimama uani. Ameniuliza, "Baba Fundi, nani kasema goti langu bovu?"

Nilikuwa na randa mkononi. Nikaendelea kuranda. Nikasema watu wanasema mengi.

Mwoga. Naandika neno hili kwa mkono wangu.

Jumatano, 14 Agosti

Asubuhi kwa Katibu. Nimemwambia yote. Kwamba nilidanganya, kwamba goti ni zima, kwamba nilitaka wenzangu wampite. Alinisikiliza kwa adabu. Akasema, "Ndugu Fundi, mpangaji wako anaondolewa mjini na ghafla goti limepona." Nikaapa. Akasema ameona kwa macho yake msibani jinsi watu walivyokuwa wanamcheka kilema. Nikamweleza utani. Nilivyozidi kueleza ndivyo nilivyozidi kusikika mwongo, hata masikioni mwangu.

Mwisho amesema: wachaguzi wote wanne wakitia saini, atamrudisha kwenye orodha. Zaidi ya hapo hana uwezo.

Mchana kwa Salehe, stesheni. Nimemwambia mtani, nilikudanganya, goti zima. Alicheka mpaka akakaa juu ya gunia. Ijumaa nilisema uongo akanisadiki. Leo nasema kweli, anashika mbavu.

Alhamisi, 15 Agosti

Nimewaita wote watatu uwanjani saa tatu. Maganga akakimbia mbele yao. Akaruka. Akapiga mpira kwa mguu ule ule, kutoka katikati mpaka mlingoti wa goli. Sijawahi kumwona mzuri hivyo. Anna alikuwa amesimama pembeni na mtoto mgongoni.

Nikaona wameanza kumtamani. Hapo ningefunga mdomo. Lakini hofu ilinizidi. Nikamwambia Salehe, mchukue wewe, zamu yako ya kwanza, mimi simtaki tena, tia saini tu. Nikawaambia na wengine: yeyote amchukue.

Nyuso zikabadilika. Miaka kumi, tangu timu zile za zamani, tunagombania vijana, sijawahi kumwachia mtu hata mshika kibendera. Mmoja akasema kama Fundi anamtoa bure, basi goti limefungwa dawa ya siku moja, kesho litavimba, na nafasi ya timu imepotea. Wa pili akakubali. Salehe akasema, "Mtani, safari hii hunipati," akanipiga bega, akaenda zake anacheka.

Saini moja. Yangu.

Maganga alikuwa bado anahema. Akanishukuru. Kwa nini, sijui.

Ijumaa, 16 Agosti

Lori limekuja saa moja. Limebeba familia nane, na mbuzi. Nimepakia kitanda chao mwenyewe, nimekifungua na kuandika namba kwenye mbao ili kisimtese kukiunga. Mama Hadija kampa Anna kanga mbili za kumfunika mtoto, vumbi la njia ile ya Nzega ni jingi. Maganga kaweka mpira miguuni. Mkono nilimpa.

Swala ya Ijumaa nimeswali. Barazani sikukaa.

Jumamosi, 17 Agosti

Tumechagua. Salehe kamchukua fundi baiskeli, kama nilivyokisia. Wa pili na wa tatu masentafowadi vilevile. Hesabu yangu ilikuwa sahihi tangu mwanzo, kila jina lilipita nilipoandika litapita. Zamu yangu, ya nne, ikafika. Nikachukua golikipa mmoja, kisha golikipa mwingine. Hawakuelewa. Na mimi sikuelewa. Sikuwa na jina jingine kichwani.

Tulipotoka Salehe kanifuata. Aliniita kwa jina langu, si mtani. Akauliza, lile la goti, ilikuwa kweli ulidanganya? Nikasema ndiyo. Kweli kabisa? Nikasema kweli kabisa. Akasema yeye ndiye aliyechechemea mbele ya watu. Tukarudi pamoja mpaka njia panda, watani wawili, bila kutukanana hata kidogo.

Pale akauliza: Jumatatu twende wote wawili kwa Katibu?

Jumanne, 20 Agosti

Ndiyo, tulikwenda jana. Safari hii alitusadiki. Akatuonyesha nakala: jina limekwisha kuandikishwa kule, familia imepewa kiwanja na shamba. Mjini halipo tena. Alisikitika kweli, nilimwona. Si mtu mbaya. Ningefurahi angekuwa mtu mbaya.

Jumapili, 1 Septemba

Jana mchezo wa kwanza. Tumefungwa manne. Yote manne yalipita katikati.

Leo dereva wa basi la Igunga kaleta karanga kwenye kitambaa, na barua. Maganga ana mwandiko mzuri, sikujua.

Shikamoo Baba Fundi. Sisi wazima. Mtoto ameanza kucheka. Nyumba tumefika usawa wa dirisha, maji yako mbali. Kitanda kimeungika vizuri kwa zile namba. Vijana wa hapa hawana timu, nawafundisha jioni. Nakushukuru ulivyonipigania mbele ya wakubwa, Anna kila siku anakutaja. Aliyenisema vibaya namwachia Mungu. Nilitaka kukuuliza, kwenye daftari lako, mwaka huu uliniandikia nini?

Nimelitafuta daftari. Ukurasa wa nne. Maganga, sentahafu, michezo kumi na minane, hatakosa hata mmoja.

Mama Hadija ameuliza kama chumba cha nyuma tukipangishe. Nimesema tungoje kidogo. Amenimenyea karanga, ameziweka kwenye kisahani karibu na mkono wangu.

Nimechukua karatasi. Nimeandika: Marahaba, mwanangu. Tangu adhuhuri niko hapo.