Mstari wa Chaki

Kitale,
11 Novemba 2024.

Kaka yangu mpendwa Wekoye,

Kwanza nakuomba radhi. Tangu Pasaka sijakuandikia hata kadi, nami ndiye niliyewaadhibu watoto wa watu kwa miaka thelathini na minne kwa kuchelewesha kazi. Simu nayo hainisaidii. Nikikupigia, wajukuu wako huiweka kwenye spika, na nyumba nzima, pamoja na jirani aliyekuja kuomba chumvi, husikia habari zangu. Ninayotaka kukueleza leo si ya spika.

Natumaini goti lako limepata nafuu, na kwamba mahindi yalikauka kabla ya mvua hizi zilizopotea njia. Wifi yangu hajambo? Mwambie mbegu za kunde alizonipa zimeota zote. Mimi ni mzima wa mwili. Kichwa ndicho sijui nikisemeje.

Mwezi wa Mei niliona tangazo kwenye mlango wa ukumbi wa kanisa. Kikundi cha michezo ya kuigiza kilikuwa kikitafuta mwanamke wa makamo. Nilidhani wanataka mtu wa kuwasahihishia lugha, maana tangazo lenyewe lilihitaji msaada. Nilipofika, mwelekezi wao, msichana aitwaye Jelimo ambaye kwa umri angeweza kuwa katika darasa langu la mwisho, alinitazama kuanzia viatu hadi kitambaa cha kichwa, akawaambia wenzake kwamba mama amepatikana. Nilicheka. Kisha nikakubali.

Sikumwambia mtu. Mwalimu mkuu mstaafu akionekana jukwaani akilia na kugaragara, wazazi watapata la kuzungumza sokoni mwaka mzima. Binti yangu Viola, ambaye uuguzi umemweka Webuye, nilimwambia kwamba Jumanne na Alhamisi nina kamati ya kanisa. Kikundini nako nilijiandikisha kwa jina la Naliaka, ambalo tangu Mama afariki ni wewe tu unayeniita. Kwa hiyo nilidanganya huku na huku, na nikaona nimejipanga vizuri.

Mchezo wenyewe ni rahisi kuusimulia. Mama mmoja, mwuza nyanya wa Kamukuywa, alimfukuza mwanawe kwa kuuza kipande cha shamba. Baada ya miaka saba mwana anarudi na kusimama mlangoni. Mama anakataa kumwona. Mwishowe anatoka, anavuka kizingiti na kumkumbatia. Kwa kuwa hatuna mlango, kizingiti ni mstari uliochorwa sakafuni. Chaki ni yangu. Nilikuwa na boksi zima ambalo sikujua nalihifadhi kwa ajili gani.

Nilikariri maneno yote kwa siku tatu, nikaenda nikiwa nimejaa fahari. Nilipomaliza kuyasema, Jelimo alikuna kichwa, akaniambia kwa heshima kwamba nilikuwa nasoma matokeo ya mtihani. Nilimjibu kwamba sikukosea hata neno moja. Akasema ndilo tatizo. Siku iliyofuata alininyang'anya karatasi, akaniwekea uteo wa maharagwe, akaniamuru nichambue huku nikisema. Maneno yalinitoroka yote. Vijana walicheka mpaka wakakaa chini. Nilipoanza kuwakaripia, Jelimo alipiga makofi na kusema kwamba hapo sasa amemsikia mtu.

Baadaye alinituma Kamukuywa nikamtazame mwuza nyanya halisi. Nilikaa karibu naye asubuhi nzima nikijifanya kusubiri mwenzangu. Niligundua kwamba mteja akimuudhi, hapandishi sauti. Hupanga upya nyanya ambazo tayari zimepangika. Niliporudi nikapanga nyanya zangu za kuigiza namna hiyo, na ukumbi ukanyamaza. Kaka, nimesimama mbele ya watu tangu nikiwa na miaka ishirini na miwili, lakini ukimya wa namna ile sikuwa nimewahi kuusikia. Wa darasani ulikuwa wa woga.

Palipobaki pagumu ni penye mstari. Nilikuwa nikihesabu hatua nne, namkumbatia mwana kama mtu anayepima upana wa kabati. Jelimo alisema bado nazijua hatua kuliko ninavyomjua mtoto.

Anayeigiza mwanangu anaitwa Kizito, fundi wa pampu za maji, mwenye umri wa kama miaka thelathini. Siku ya kwanza alinisalimu ati niaje, mathe, maana kwa vijana hawa mama ni mathe. Nilimpa salamu kamili na kumtaka airudie. Aliirudia kwa adabu, na siku iliyofuata akaniita mathe tena. Nilichoka kabla yake. Yeye ndiye aliyenibebea kiti, na wakati wa mapumziko tulikatiana hindi moja la kuchoma tukala. Koti la kahawia analovaa mchezoni lilikuwa limekatika kifungo cha juu. Nilimshonea kimoja cha bluu kutoka kwenye sweta yangu kuukuu, kwa kuwa sikuwa na kingine.

Mwezi uliopita aliniambia ana shida. Alitaka kuoa, na wazee wake wa Sirisia walikuwa wamekubali kwenda kuongea, lakini alimhofia mama wa msichana. Shangazi ya msichana alikuwa amemwonya kwamba mama huyo ni mkali kupindukia, bana, ati hata mbwa wake hubweka kwa zamu. Nilicheka sana. Nilimhurumia kijana kwa kuangukia mikononi mwa mwanamke wa namna hiyo. Nikamshauri avae koti hata jua likiwaka, asiongee asipoulizwa, na asizikodolee macho picha za ukutani kama mtu anayekagua nyumba ya kupanga, bali atazame chini mpaka wazee wamalize.

Sasa naomba uketi kama umesimama.

Jumamosi, tarehe mbili mwezi huu, wageni wa Viola walifika hapa kwangu. Unajua desturi yetu. Msichana hamtajii mama yake jina la mchumba, naye mama haulizi. Mambo yote yalipitia kwa Rahab, dada ya marehemu mume wangu, na mimi niliambiwa tu kwamba ni watu wa heshima. Nilikaa jikoni kama inavyonipasa. Kwenye dirisha la jikoni kuna pazia, na mimi ni binadamu. Niliona wazee watatu wakishuka garini, na nyuma yao kijana akitazama chini, jua likiwaka, amevaa koti la kahawia lenye kifungo cha juu cha bluu.

Alitazama chini mpaka wakaondoka. Picha zangu zote zilikuwa ukutani, kubwa kwa ndogo, wala hakuziona. Ushauri wangu mwenyewe ndio ulionificha. Viola alikuja jikoni uso ukimng'aa, akaniuliza mbona nimeshika sufuria tupu. Nilimwambia nilikuwa nikiomba.

Sihitaji kukukumbusha sisi ni watu gani. Mkwe hamgusi mama mkwe, hali naye, hakai karibu naye. Mimi nilikuwa nimekwisha kumkumbatia kijana huyu mara mbili kwa wiki tangu Juni, mbele ya watu, na mahindi tumekula. Nilimwuliza Rahab kwa kuzungukazunguka, kana kwamba ni habari za mtu wa mbali, kosa kama hilo hutengenezwaje. Alisema kama walikutana bila kujua, huchinjwa kondoo, wazee wakasema maneno, yakaisha. Nikamwuliza, je, kama mmoja alijua? Alisema kwa hilo hakuna kondoo, maana huko ni kudharau, na nyumba ya vijana hao itaanza na ufa.

Unakumbuka siku marehemu mume wangu alipoanguka na baiskeli langoni petu Misikhu, mwaka ule wa kwanza wa ndoa yetu? Mimi nilikuwa mtoni. Wewe ndiwe uliyenisimulia. Mama alitoka mbio, akafika karibu naye, akasimama ghafla. Mkwewe alikuwa akitoka damu kichwani, naye hakuweza kumgusa. Alibaki pale pale akiita majirani, mikono ikiivuta leso yake kana kwamba anataka kuipasua. Kwa miaka yote nimeihukumu desturi ile kwa ajili ya siku hiyo. Na kwa miaka yote nimeifuata.

Sasa nifike pale ninapoogopa kufika.

Jumanne iliyofuata ujio wa wageni nilikuwa na nafasi ya kusema ninaumwa. Nilikuwa na nafasi ya kumwita Jelimo kando na kujiuzulu. Nilivaa, nikaenda. Kizito alikuja kwangu amefurahi, akaniambia mambo yamekwenda sawa na kwamba yule mama mkali hata hakumwona. Nilimpongeza. Tulipofika kwenye tukio la mlangoni, nilisimama kwenye mstari wa chaki, na miguu ikakataa. Sikuwa naigiza. Mbele yangu alisimama mtu niliyekatazwa kumgusa, aliyekuwa akiningoja kwa moyo mweupe. Nilitazama mikono yangu nikaona inavuta leso. Ilikuwa mikono ya Mama.

Kisha nikavuka. Nilimkumbatia nikijua, Wekoye. Sikuhesabu hatua. Nilimshika kama ambavyo sikuwahi kumshika hata mtoto wangu wa kumzaa, na yeye mwenyewe akasahau maneno yake akalia. Nilipomwachia, Jelimo alikuwa amegeukia ukuta akijifuta macho. Aliniuliza nimeitoa wapi mikono ile. Nilisema ni urithi. Akasema leo nimekuwa mwigizaji.

Alhamisi nikarudia. Jumanne ningeweza kusema nilishtuka. Alhamisi sina la kusema. Nilikwenda kwa sababu nilitaka iwe tena.

Hapo ndipo akili yangu inapozunguka kama ng'ombe aliyefungwa kwenye kigingi. Nikisema ni mwuza nyanya aliyemkumbatia mwanawe, hakuna aliyevunja chochote. Lakini mwuza nyanya sikuweza kumpata mpaka nilipokuwa mimi, na mimi ni mama mkwe. Siku nilipojifunza kazi hii ndiyo siku niliyokosa, na siwezi kuitenga moja na nyingine. Wala sijui kama najuta. Hilo ndilo linaloniogofya zaidi.

Tarehe thelathini tunaigiza Bungoma. Wazazi wa Kizito watatoka Sirisia kumwona kijana wao, naye amemwalika Viola, kwa furaha, aje aone jinsi mathe wa kikundini anavyomfukuza. Tarehe kumi na nne Desemba wakwe watarudi, na wewe, mjomba wa Viola, ndiwe utakayeketi mbele yao. Nikijitoa sasa, mchezo utakufa, maana hakuna mwingine anayejua nafasi hii, na nitalazimika kusema sababu. Nikisema sababu, Kizito atajua kwamba mara mbili nilijua. Nikinyamaza, Bungoma nzima itajua pamoja naye. Viola anampenda. Nimemwona usoni.

Sikuombi uniamulie. Nakuomba usimwambie Rahab, na usikubali jambo lolote na watu wa Sirisia kabla hujapata neno langu. Barua hii ataileta jirani yangu Jeruto, anayekuja soko la Misikhu. Ni mtu wa kuaminika, lakini nimeifunga kwa gundi.

Kesho ni Jumanne. Jelimo amesema tutaanza moja kwa moja na mlangoni, na mimi ndiye ninayekwenda na chaki. Nimeiweka mezani hapa, mbele ya karatasi hii. Nitakapojua kama nitauchora mstari ule nikae upande wangu bila kuuvuka, au nimwite Kizito kwanza nimwambie jina langu lote, nitakuandikia siku hiyo hiyo.

Msalimie wifi na wajukuu wote, pamoja na yule mdogo anayependa kupokea simu. Goti ulikande kwa maji ya moto, wala usilipuuze. Mungu akulinde.

Ni mimi dadako,
Agneta, ambaye kwako bado ni Naliaka.