Waya Chini ya Dashibodi

Gereji ya njia panda,
Makambako,
Jumatatu, mwezi wa Juni.

Dada yangu Rahabu,

Kamwene. Natumaini barua hii inakukuta ukiwa mzima, wewe na Eliza na mdogo wake, na kwamba kifua cha mama kimepungua kubana, maana najua baridi ya Mlangali mwezi huu haimhurumii mtu mzima. Mahindi mmemaliza kuvuna? Nani amekusaidia kuyabeba? Nauliza tu, na huku najua kwamba aliyekuwa anayabeba miaka yote hayupo. Mimi mwili wangu hauna tatizo. Mengine utayaona humu. Nakuomba usome ukiwa peke yako kwanza, halafu uamue mwenyewe nani mwingine asomewe.

Dada, siku tulipomzika shemeji Lameki sikukutazama usoni. Labda uliona. Mchungaji hakuja, kengele haikupigwa, na wazee wa kanisa walisema mtu aliyekufa na pombe ya ulanzi kichwani hawezi kulazwa ndani ya uzio pamoja na Wakristo wenzake. Tukamchimbia nje, pale penye mawe. Wewe ulisimama umeshika kitenge mdomoni, hukulia hata kidogo. Mimi nilikuwa nyuma ya wanaume wote, nimeshika jembe, na kulikuwa na jambo nililolihisi nikalinyamazia. Kesho yake alfajiri nikaondoka kabla hujaamka, nikasema kazi inaningoja.

Sasa nakueleza jambo lenyewe.

Ile pikapu aliyokuwa anaendesha Lameki kwenye shamba la miwati, ile miti ya kuchunwa magome, unaikumbuka, ile ya zamani ya kabla ya vita, aliyokuja nayo mara moja akawapandisha watoto wa jirani mpaka mtoni. Ni gari zuri, chuma chake kizito. Lakini mbele ya dereva, pale panapokaa saa ya mwendo na saa ya mafuta, kuna bati pana tunaloliita dashibodi. Siyo pambo tu. Chini yake kuna kishikio cha chuma, na hicho kishikio ndicho kinachobeba nguzo ya usukani. Bati likioza, kishikio kinalegea. Kishikio kikiachia, usukani unashuka mapajani na gari halimsikii dereva tena.

Wakati wa masika Lameki aliileta hapa gereji akiwa na tajiri wake, yule mzungu ambaye vibarua wanamwita Bwana Ndevu. Alisema usukani unacheza. Nikalala chini, nikaangalia. Bati lilikuwa limeliwa na kutu kabisa kuzunguka matundu ya boliti. Niliingiza kidole, kikapita. Nikamwambia Bwana Ndevu gari libaki, nitoe dashibodi yote, nikate bati jipya, kazi ya siku tatu au nne. Akaitazama saa yake.

“Hapana siku nne,” akasema. “Magome naoza kule shambani. Wewe funga waya tu.”

“Waya hautashika, bwana.”

“Funga.”

Tajiri wangu Jivan siku hiyo alikuwa amekwenda Iringa kutafuta vipuri, kwa hiyo hapakuwa na mtu wa kunisemea. Lakini dada, sitaki kujificha nyuma ya hilo. Mdomo nilikuwa nao, na funguo za gari zilikuwa mkononi mwangu. Ningeweza kukataa. Niliogopa kufukuzwa. Nikafunga waya, nikauzungusha mara sita, nikaukaza kwa koleo mpaka vidole vikauma.

Lameki aliingia, akatikisa usukani, akatulia.

“Imeshika, shemeji?” akaniuliza.

Nikamjibu, “Itakufikisha.”

Akacheka. “Basi. Wewe ukisema imeshika, mimi sina wasiwasi.”

Neno la kushika sikulisema mimi, alilisema yeye, na mimi sikumsahihisha. Ndivyo tulivyoagana. Sikumwona tena akiwa hai.

Wiki ya tatu baada ya hapo alikuwa anatoka Njombe na mzigo wa magome, asubuhi, ukungu umeshaondoka, barabara kavu. Kwenye mteremko mmoja kabla ya kufika huku gari liliacha njia na kupiga ukuta wa mlima. Waliofika kwanza walisema ananuka ulanzi, shati lote limelowa. Askari akaandika hivyo. Bwana Ndevu akaongezea kwamba alishamwonya mara nyingi kuhusu pombe, na huo ni uongo, maana wewe unajua Lameki aliacha kunywa tangu mwaka mliobarikiwa ndoa. Ule ulanzi ulikuwa kwenye kibuyu kikubwa ambacho wachunaji wa magome walimpa amletee mlinzi wetu hapa gereji, ndugu yao. Kibuyu kilikuwa miguuni pake, kikapasuka. Mlinzi alinyamaza kwa hofu, akidhani atashtakiwa. Aliniambia wiki mbili zilizopita, tukiwa tunaota moto, na alitokwa na machozi mtu mzima yule.

Ilikuwa siku ile ile pikapu ilipovutwa kuletwa kwetu. Bwana Ndevu alitaka itengenezwe haraka. Injini ilikuwa nzima, taa moja imevunjika, na dashibodi imeharibika. Jivan alinivuta pembeni akaniambia, “Yeremia, hii gari acha. Mimi nampa mtu mwingine.” Nikamwambia hapana, nitaifanya mimi. Hakunibishia.

Dada, sijui kama nafanya vizuri kukuandikia haya, lakini ningekuwa mimi ningetaka kujua. Bati lilikuwa limebonyea kwa ndani, mbonyeo mpana kama kifua cha mtu. Kioo cha saa ya mwendo kilikuwa kimepasuka. Kwenye ncha ya bati palikuwa na kipande cha kitambaa cha kaki chenye uzi mweusi, na mshono ule niliujua ni wako. Nimekihifadhi ndani ya kitabu changu cha Agano Jipya. Nilifungua boliti moja moja, na nyingine zilikuwa na kutu hata nikazikata kwa patasi. Nilipolitoa bati lote nikaligeuza, waya ulikuwa pale umekatika. Haukukatwa na ajali. Ulikuwa umesagika taratibu, siku baada ya siku, hadi uzi wa mwisho, na ncha zake zilikuwa zinang’aa. Usukani ulimwangukia miguuni kabla hajapiga mlima. Lameki alikuwa macho, alikuwa na akili zake, na alikuwa ameshika usukani usiokuwa na kazi tena.

Nilikaa chini na lile bati magotini. Jivan alikuja, akaona, akaondoka.

Kazi niliimaliza. Nilikata bati jipya, nene, nikalipinda juu ya bomba, nikatoboa matundu ya saa, nikakipigia kishikio kipya misumari minane ya ribiti na kukichomelea kwa moto wa gesi. Nililipiga msasa na rangi. Sijawahi kutengeneza kitu imara namna ile. Kila nilipogonga nyundo nilikuwa nasema moyoni, ningeifanya hii wakati wa masika.

Kisha nikalifunga bati la zamani kwenye gunia pamoja na waya wake, nikapanda lori kwenda bomani Njombe. Nilingoja kuanzia asubuhi mpaka saa nane. Nilipoingia kwa Bwana Shauri, ofisa wa serikali wa pale bomani, nililiweka mezani nikaeleza kila kitu, hata habari za kibuyu. Akaushika waya, akauangalia sana.

“Nani alifunga huu?”

“Mimi, bwana.”

“Unajua unasema nini?”

“Najua.”

Alisoma faili, akalifunga. Alisema shauri hilo limekwisha andikwa, na kulifungua upya si jambo dogo, na likifunguliwa mtu wa kwanza kuulizwa nitakuwa mimi. Nikasema niulizwe. Akasema atafikiri. Bati akaniambia nilichukue. Nilipotoka karani wake, Mbena wa hapo Njombe, akanifuata barazani akaniambia kwa lugha yetu ya nyumbani, polepole, “Ndugu, hawatalifungua. Nenda kwa watu wako, huko ndiko utakakosikilizwa.”

Mpaka leo sijaitwa. Bwana Ndevu alipata habari kabla sijarudi Makambako. Alimwambia Jivan kwamba gari lake halitakanyaga tena gereji yenye mtu kama mimi, wala magari ya rafiki zake. Jivan alinifukuza Ijumaa, na tangu hapo nalala kwa mlinzi hapa hapa gereji. Alinipa nyundo yangu na spana mbili, macho yake chini. Simlaumu. Pikapu imerudi barabarani na dereva mwingine, kijana kutoka Ilembula. Ilipita hapa jana imejaa magome, na usukani wake hauchezi hata kidogo. Nilisimama kando ya njia mpaka vumbi likaisha.

Hayo ndiyo yaliyompata mume wako, na hiyo ndiyo sehemu yangu. Ulinifundisha kuandika kwa kijiti kwenye majivu, ukaniozesha, ukaninyooshea mkono kila nilipoanguka, na mimi nikakulipa ukimya mbele ya kaburi. Sina la kujitetea.

Msalimie mama, lakini usimsomee habari za waya mpaka niwepo. Msalimie baba mdogo aliyetoa ng’ombe wa matanga, na shangazi anayelala kwako siku hizi. Mwambie mke wangu nakuja, na kwamba sina kazi. Asisikie kwanza kutoka kwa wengine. Wabusu watoto wako.

Nitapanda lori mpaka Njombe, na kutoka hapo nakuja kwa miguu, nikiwa nimebeba gunia. Barua hii inakuja na dereva wa lori la misheni, itanitangulia kwa siku mbili au tatu. Jumapili, matangazo yakiisha, nitasimama mbele ya usharika, mchungaji akitaka asitake, nitalitoa bati na waya nao wauone, halafu nitawaomba wazee wahamishe uzio upite nyuma ya yale mawe. Wakikataa, nitauhamisha mwenyewe. Kama hutaki kuniona nyumbani kwako funga mlango, sitabisha hodi. Lakini njoo kanisani, dada. Kaa mbele kabisa na watoto wake, wasikie kwa masikio yao kwamba baba yao hakuwa amelewa.

Mimi mdogo wako, mwenye kosa,
Yeremia