Sindano ya Bingwa

Ijumaa, 6 Machi

Nimechomwa. Kidole cha shahada, mkono wa kushoto. Tundu lenyewe hata halionekani. Lakini niliona damu inasambaa ndani ya glavu.

Ilikuwa mchana, chumba cha kushonea vidonda. Kijana wa pikipiki, goti limepasuka. Bingwa, daktari wetu, kamshona, kamaliza, sindano kaichomeka kwenye kitambaa – tabia yake ileile – kavua glavu, huyo kaenda zake. Mimi nikakikunja kitambaa. Basi.

Juu ya sinki kuna karatasi kubwa: aliyetumia sindano ndiye anayeitupa. Kisanduku cha sindano kiko palepale, ukinyoosha mkono unafika. Lakini daktari wetu bingwa hatupi kitu. Sindano ni yake akiwa ameishika, akiiachia ni yangu. Na sisi wauguzi tumezoea! Anachomeka, tunachomoa. Eti kumheshimu mkubwa. Heshima gani hii!

Nikaosha kwa sabuni, maji yakatiririka mpaka ngozi ikakunjamana. Nikamkimbilia Bingwa koridoni. Nikamwambia nimechomwa na sindano yako, yule kijana apimwe damu kabla hajaondoka. Kasema ameshamruhusu, na isitoshe, "Mbona anaonekana mzima tu, Sista."

Anaonekana! Kamtazama kwa macho kapata majibu! Basi tufunge maabara, tumsimamishe Bingwa mlangoni awe anatazama watu.

Nikatoka mbio hadi getini. Mlinzi kasema kijana kapakiwa na mwenzake, wameshapita. Namba aliyoacha mapokezi haipatikani.

Bado dawa za kinga dhidi ya Ukimwi. Zinatakiwa kuanzwa haraka, kila saa ina maana. Ziko kabatini. Kabati lina kufuli. Mwenye funguo yuko harusini! Hospitali nzima, watu wanashonwa na kuzalishwa, na ufunguo unacheza muziki. Nimeambiwa nirudi kesho.

Sijamwambia Fundi chochote. Kaniuliza nina nini, nikasema kichwa.

Jumamosi, 7 Machi

Mwenye funguo karudi, bado ananukia marashi ya watu. Nimemeza kidonge cha kwanza mbele yake, machozi yakanitoka. Kaniuliza kama ni kichungu.

Nimepimwa damu. Sina kitu – maana yake jana asubuhi sikuwa na kitu. Vidonge mwezi mzima, halafu kupimwa tena, na tena. Mshauri wa kliniki ni mama mpole sana. Kaniambia kwa upole uleule kwamba nyumbani mimi na mume wangu tutumie kinga mpaka majibu ya mwisho. Nikamjibu asante. Asante ya nini? Nitaanzia wapi kumwambia Fundi?

Jumapili, 8 Machi

Nimemwambia. Vibaya.

Alikuwa ananyoosha suruali ya mteja. Mume wangu ni fundi cherehani, mtaa mzima unamwita Fundi, na mimi pia. Nikatoa vidonge, nikasema nimechomwa sindano kazini. Kacheka! Kasema yeye anachomwa kila siku ya Mungu, angekuwa wa kumeza dawa angekuwa famasi. Kanionyesha na vidole vyake. Nikamwambia suruali ya mteja haina damu ya mtu.

Kicheko kikaisha. Nikamweleza na lile la kinga. Pasi kaisahau juu ya suruali mpaka ikaanza kunuka. Halafu kaniuliza, polepole: una hakika ni sindano?

Una hakika ni sindano! Miaka tisa ya ndoa! Nimechukua mto wangu nimehamia kwa watoto.

Na sijui kama nina haki ya kumkasirikia. Angeniletea yeye vidonge vya namna hii, ningemuuliza hivyohivyo. Hapana, nisingeuliza. Ningemtolea nguo nje. Lakini mwenye sindano yake leo katulia na mkewe, hakuna anayemuuliza lolote. Mimi ndiye naulizwa!

Jumatatu, 9 Machi

Matroni kaniita ofisini. Kafunga mlango, kanipa kiti, kaniita mwanangu. Hapo hapo nikajua kuna jambo. Miaka yote hii ni "wewe".

Kazunguka weee, mwisho kafika. Wakaguzi wanakuja mwisho wa mwezi. Daktari bingwa tunaye huyu mmoja, akikwazika akaondoka wagonjwa wataumia. Kwa hiyo tuseme nilikuwa narudisha kifuniko kwenye sindano ya ganzi, nikajichoma. Kosa dogo, kila mtu analifanya. Nitaonywa kwa mdomo, yataisha.

Nikamuuliza, na nikikutwa nimeambukizwa? Kasema mwanangu, tusifike huko.

Mimi niko huko tangu Ijumaa, Matroni! Nalala huko, naamka huko! Nikisema nilijichoma kwa uzembe wangu, basi na ugonjwa utakuwa wangu. Hospitali itanikunjia mikono, na Fundi ataambiwa mkeo hakuwa makini. Haya yote nilikuwa nayo mdomoni. Nikasema nitafikiria. Nitafikiria nini? Nimejichukia njia nzima.

Alhamisi, 12 Machi

Dawa zinanivuruga tumbo. Leo nimetapika kwenye sinki la wodi. Bibi wa kitanda cha dirishani kanipa hongera, kasema kwa rangi hiyo ni mtoto wa kiume. Nikamwambia asante, bibi. Kwani ningemwambia nini?

Jumamosi, 14 Machi

Nilikuwa na miadi kliniki. Nimetoka nyumbani peke yangu, nimefika namkuta Fundi kakaa kwenye benchi, utepe wa kupimia bado uko shingoni. Kafunga duka! Jumamosi!

Kamhoji mshauri kila kitu mwenyewe. Kijana akisharuhusiwa, je, hawezi kutafutwa? Sindano ile iliyopinda inabeba damu kiasi gani? Vidonge vikiisha tunangoja mpaka lini? Mama wa watu kamjibu bila kuchoka.

Njiani kauvua utepe, kaukunja. Halafu kasema nimsamehe lile swali la Jumapili. Nikasema nimesikia – sikusema nimesamehe, namwachia aende nalo kidogo. Kauliza, je, huyo daktari wako alikuomba radhi? Nikasema hata neno. Kasema basi atamshonea suti bure, na sindano zote ataziacha ndani, hasa kwenye makalio. Tumecheka mpaka watu wakageuka. Mto nimeurudisha chumbani.

Jumanne, 17 Machi

Nimekutana na Bingwa koridoni. "Sista, kidole kinaendeleaje?" Kidole! Kama vile nina kijipu! Nakula dawa za mwezi mzima, mume wangu nalala naye kwa tahadhari, yeye anauliza hali ya kidole. Nikasema kipo.

Nikamwambia Kipaza. Kipaza ni muuguzi mwenzangu wa zamu, jina kalipata kwa sauti, akinong'ona anasikika maabara. Leo kanong'ona kweli. Naye kachomwa mara mbili, mara zote kwenye vitambaa vya Bingwa. Hakumwambia mtu, hakumeza dawa, kaomba Mungu tu. Nikamuuliza kwa nini, jamani? Kasema angesemaje, aonekane hajui kazi?

Nilitaka kumtikisa. Kisha nikamshika mkono. Anayechomeka sindano kitambaani anajua kazi, anayechomwa ndiye hajui! Nani katuingiza hili kichwani?

Jumatano, 25 Machi

Naandika nikiwa chumba cha kushonea vidonda. Saa za kazi. Daftari liko mapajani. Naandika ili mkono uwe na shughuli, maana ukikosa shughuli utafanya ninachokataa.

Asubuhi nimemjibu Matroni. Hapana. Sikurudisha kifuniko chochote, sitasema nilirudisha, hata mbele ya wakaguzi. "Mwanangu" ikaishia hapo. Kasema basi nijue niko peke yangu.

Haikupita muda kaletwa mama aliyejikata kiganja kwa bati. Bingwa kamshona. Kushona anajua, sitamnyima haki yake. Kamaliza. Na mbele ya macho yangu, mbele ya kidole hikihiki, sindano kaichomeka kitambaani!

Nikasema, "Daktari, sindano yako."

Kaniuliza kuna shida gani. Nikamwambia sindano ni yako, kisanduku kile pale. Yule mama kiganja chake kakiinua juu, anatutazama kwa zamu. Bingwa kasema nitoe trei, kuna watu wanasubiri. Kaondoka.

Nikamfunga mama bandeji, nikamtoa. Nikavua glavu. Nikakaa.

Matroni kaja mlangoni. Kasema nisilete maigizo, kuna mtoto nje kapasuka kidevu. Najua! Nimeshatoka kumtazama, nimemkandamiza pamba, damu imekata, kapakatwa na mama yake ananyonya kidole. Roho inaniuma, lakini anaweza kungoja dakika hizi. Matroni kamwita Kipaza aje atoe trei badala yangu. Kipaza kaingia, kavaa glavu, kafika mezani. Mkono ukaenda mpaka juu ya kitambaa. Ukasimama. Nikasema moyoni, hapa ndipo nimekwisha. Kavua glavu, kaja kukaa nami kwenye benchi. Hajasema kitu. Kipaza, hajasema kitu!

Matroni kaondoka kwa hasira, kaenda kumwita Bingwa mwenyewe.

Ameingia. Matroni yuko nyuma yake. Katazama trei, katutazama sisi, katazama trei tena. Mimi naandika. Anasema tutaongea baadaye, kwa sasa apewe glavu. Hatuinuki. Anafungua droo: pamba. Ya pili: bandeji. Anauliza glavu zinawekwa wapi. Ziko ukutani, nyuma ya kichwa chake, hazijawahi kukaa pengine. Miaka yote hii, hajui! Mkono wangu wa kushoto umeinuka wenyewe kwenda kumpa.

Nimeukalia.