Mkono wa Ta Kalisti

Mdogo wangu mpendwa Deo,

Mwanao alifika hapa wiki iliyopita, akakaa nasi, akala vizuri. Alituambia kwamba umezeeka huko Uganda na unataka kurudi Muleba, ujenge nyumba ndogo katika kibanja cha Tata, baba yetu, na uzikwe hapo siku yako itakapofika. Kwa kuwa Tata hayupo, neno la kukupokea au kukukataa limebaki kwangu. Ninakujibu kwa barua ya wazi, isomwe na yeyote, kwa sababu jambo lenyewe lilitendeka mbele ya watu.

Mwanao alituambia pia unavyowasimulia wajukuu wako: kwamba katika sikukuu ile ya Saba Saba ulimkata msimamizi wa bwana kwa mundu, na tangu siku hiyo nyarubanja, ule upangaji wa ardhi ya bwana, ikaisha katika nchi yetu. Simulizi hiyo si sahihi. Mimi nilikuwepo.

Ulikuja Ijumaa, likizo ya kiangazi, uhuru ukiwa bado mchanga. Saba Saba ya mwaka ule iliangukia Jumapili. Ulikuja na wenzako wawili wa shuleni Bukoba, vijana wa mbali ambao hawakuwahi kuona rubisi, pombe yetu ya ndizi, ikitengenezwa. Ndizi zilikuwa zimeiva shimoni. Sisi hatukuwa na mtumbwi wa kukamulia, hivyo tuliazima wa jirani yetu Ta Kalisti, na yeye mwenyewe akaja kutusaidia. Aliingia nawe mtumbwini, mkakanyaga ndizi na nyasi pamoja, umemshika bega.

"Kanyaga kama mtu mwenye haraka ya kuoa," alikwambia. "Wewe unakanyaga kama padri anayevuka tope."

Ulicheka mpaka ukateleza, na kabla hujaanguka alikudaka kwapani kwa mkono wake wa kuume, akakusimamisha kama mtu anayesimamisha kikapu cha kahawa. Nilikuwa nimesimama karibu na unga wa mtama. Nakuona hadi leo, miguu yako imejaa povu, umri wako bado wa kucheka hovyo.

Jumamosi tuliteremka ziwani, tukarudi na sato waliotungwa katika kamba ya mgomba. Mama aliwapika katika majani, pamoja na matoke na maharage. Mwenzako mmoja aliuliza kwa adabu kama wali upo.

"Wali ni wa wagonjwa, mwanangu," Mama alimjibu. "Wewe unaumwa wapi?"

Tulikula tukashiba, tukatafuna kahawa kutoka katika kikapu cha wageni. Ukiniuliza siku njema kuliko zote za ujana wetu, nitakutajia hiyo.

Jumapili tulitoka misani tukakuta rubisi iko tayari. Wewe ulijua utaratibu, Deo, kama kila mtoto aliyezaliwa katika ardhi ya bwana alivyoujua. Kibuyu cha kwanza kilikuwa chake. Hata mwenye nyumba hakuonja kabla kibuyu hicho hakijapelekwa. Asiyekipeleka aliweza kuondolewa katika kibanja, akaiacha migomba na kahawa aliyoipanda kwa mikono yake. Tata alikuwa amekijaza, amekiziba kwa jani, amekiegemeza mlangoni ili mimi nikipeleke.

Ulikichukua ukawamiminia wenzako.

"Leo ni sikukuu ya wakulima," ulisema. "Mkulima anywe kwanza."

Tata hakukupiga. Alikitazama kibuyu, kisha akakutazama wewe. "Umewapa wageni kisicho chetu," alisema. Akaniagiza nijaze kingine upesi, nami nikajaza na kukipeleka mbio. Kilikataliwa mlangoni kwa bwana. Habari ilikuwa imeshafika, na mtu aliyepokea vibuyu alikinusa chetu akasema kwamba bwana hanywi mabaki.

Walikuja alasiri, msimamizi na watu wawili. Mmoja wa hao wawili alikuwa Ta Kalisti. Naye alikuwa mpangaji kama sisi, aliitwa, akapewa fimbo, akaambiwa atangulie kwa kuwa anaijua njia. Nilimsikia akimnong'oneza Tata alipopita: "Waitu, ndugu yangu, nyamaza tu. Wataimwaga waondoke."

Waliupindua mtumbwi. Rubisi yote ilitiririka kwenye mashina ya migomba, na kuku wakaikimbilia. Tata alinyamaza. Wewe hukunyamaza. Ulimwita msimamizi mbwa anayelamba sahani ya mtu mweusi mwenzake. Hakukujibu wewe, alimgeukia Tata akampiga fimbo shingoni, kisha kichwani, kisha kichwani tena baada ya kuanguka. Damu ilitoka sikioni. Mama alimrukia akapigwa teke la tumbo. Mimi nilimng'ang'ania msimamizi mguu, akanivunja pua kwa goti.

Ulitoka nyuma ya nyumba na mundu wa mpini mrefu, ule wa kupogolea migomba. Msimamizi alikuona mapema. Aliutoa mguu wake mikononi mwangu akakimbia, na yule mtu wa pili akamfuata. Aliyebaki ni Ta Kalisti. Alikuwa ameitupa fimbo yake chini, ameinama, amempitishia Tata mkono chini ya mabega ili amwinue. Nilipaza sauti nikataja jina lake. Naye aliinua uso akakutazama. Ulimwona, Deo, kama ninavyoiona karatasi hii. Ulishusha mundu.

Mundu uliingia juu ya kiwiko chake, ukapita mfupa. Mkono ulining'inia kwa ngozi. Hakupiga kelele. Aliketi chini taratibu, akaushika ule mkono kwa mkono wa pili, akasema, "Deo, ni mimi." Wenzako walikuwa wamekwisha kutoweka katika mibuni. Wewe ulitupa mundu ukateremka kuelekea ziwani, na hatujakuona tena.

Kesho yake walirudi wengi. Walichoma nyumba, wakafyeka migomba yetu yote hadi mpakani, hata machipukizi. Tata alilazwa sakafuni kanisani, uso umevimba hata hakuweza kufumbua macho. Ta Kalisti alikatwa mkono hospitalini siku hiyohiyo.

Polisi alipomwuliza nani alimkata, alijibu, "Niliangukia mundu. Nilikuwa nimelewa."

"Ulilewa pombe gani, mzee? Si imemwagwa yote?"

"Ndiyo maana nilianguka. Nilikuwa nikiifuata."

Polisi alicheka, akaandika hivyo. Kwa sababu hiyo hakuna aliyekuja kukutafuta. Ulidhani ulikimbia vizuri.

Nyarubanja ilifutwa na serikali kwa sheria, miaka baadaye. Tulipewa ardhi yetu sawa na wengine wote, waliopigana na wasiopigana. Wakati huo Ta Kalisti alikuwa hawezi kupogoa, hawezi kukamua, hawezi kujenga. Mke wake, Ma Yustina, alishika mundu mwenyewe, kazi ambayo kwetu mwanamke hakuizoea. Watu walimtania njiani.

"Yustina, siku hizi umekuwa mume?"

"Nimekuwa. Njoo nikuoe, nami nitakupiga kama unavyompiga mkeo."

Alilea watoto sita hivyo. Ta Kalisti hakuwahi kukutaja kwa ubaya. Kidonda kilimwamsha kila masika, akauma shuka asiwasumbue watoto. Alifariki mwaka jana, nami nilikuwa mmoja wa waliombeba.

Tata alikusubiri mpaka mwisho. Kila jioni, chakula kikiwekwa, alikuwa akiuliza, "Mtoto amekula?" Tulijua anamwulizia nani. Nami pia nimekukosa, Deo. Sijapata ndugu mwingine, na hasira yangu haijawahi kuzidi hamu ya kukuona.

Lakini njia ya kwetu inapita mbele ya mlango wa Ma Yustina. Siwezi kukukaribisha nikajifanya sijui hilo. Jana nilikwenda kwake. Nilimkuta akichambua maharage, nikamweleza kwamba unataka kurudi. Aliendelea kuchambua.

"Anawaambiaje watu wa kwake?" aliniuliza.

Nilimwambia ukweli: kwamba unasema ulimkata msimamizi.

Aliokota kokoto katika maharage, akaitupa. Kisha akasema, "Mwambie asije usiku. Aje mchana, nimwone vizuri."

"Na baada ya kumwona, Ma?"

"Baada ya kumwona ndipo nitajua."

Hilo ndilo jibu lake, nami nimelifanya kuwa langu. Waite wajukuu wako kwanza, uwaambie ulimkata nani. Kisha panda gari, ushuke barabarani, uje kwa miguu, mchana, bila kumtanguliza mtu wa kukusemea. Mimi nitakuwa nimekaa kwetu. Sitakuja kukupokea njiani.

Akupe Mungu nguvu ya kutembea.

Kaka yako